Chupa ya Maji ya Musembi

Wasikilizaji wapendwa, kama umesimama, tafuta kiti. Na kama unapiga deki saa hii, weka hilo tambara chini kidogo, maana habari ya leo inakuhusu wewe kuliko mtu mwingine yeyote.

Leo tunamkumbuka Josphat Musembi. Musembi wa King'ong'o, hapa Nyeri. Alizaliwa Mwala, Ukambani, lakini miaka ishirini na sita ameishi na sisi huku chini ya Mlima Kenya. Alifariki Jumatatu ya wiki iliyopita akiwa na miaka hamsini na saba. Figo zilimshinda. Amemwacha mjane wake, Phoebe, na mabinti wawili.

Kazi yake ilikuwa kupima sakafu. Ndiyo, sakafu. Nawasikia mkicheka. Hata mama mkwe wake alicheka, akamuuliza Phoebe iwapo kweli mwanamume mzima anaweza kulisha watoto kwa kuangalia chini.

Musembi alikuwa na mashine yenye mkono unaobembea, na mwisho wa mkono huo kipande cha mpira kama kisigino cha kiatu. Anauinua mkono, anauachilia, mpira unakwaruza sakafu, mshale unaonyesha namba. Namba kubwa, sakafu inashika mguu. Namba ndogo, sakafu inamwangusha mtu. Thelathini na sita kwenda juu ni salama. Chini ya ishirini na tano ni hatari.

Na kila mara, kabla ya kupima, alimwaga maji. Alitembea na chupa ya soda ya plastiki iliyojaa maji, mfukoni mwa koti. Wenye majengo walimwona mchafuzi. Yeye akiwajibu kwamba hakuna mtu anayeanguka kwa sakafu kavu, na kwamba huku kwetu mvua haiombi ruhusa ya kuingia ndani. Tunasema ajali haina kinga. Musembi akisikia msemo huo alikunja uso, akauliza nani aliutunga, na alikuwa amevaa viatu gani.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwaka wa 2018, mwezi wa nne, Musembi alitumwa na waajiri wake kupima sakafu ya zahanati moja mpya ya kina mama, nje kidogo ya Kerugoya. Jina la zahanati hiyo sitalitaja. Ilikuwa Alhamisi. Akamwaga maji, akapima korido yote ya saruji nyekundu. Mshale ukasoma arobaini na moja. Sakafu salama. Akatia sahihi, akarudi Nyeri. Ufunguzi ulikuwa Jumamosi.

Katikati ya Alhamisi na Jumamosi kuna Ijumaa, wasikilizaji. Na Ijumaa hiyo Musembi hakuifikiria.

Mkuu wa wasafishaji pale alikuwa Bi Warigia. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja. Nani kati yetu hajui kinachofanyika huku mgeni mkubwa akija? Warigia na wenzake watatu walipiga magoti, wakapaka polishi nyekundu korido nzima, wakasugua kwa vipande vya blanketi mpaka jioni. Nilimtafuta wiki hii, akaniambia hivi: "Sisi tulifunzwa na mama zetu. Mgeni wa maana akikuja, lazima aone uso yake kwa sakafu. Hiyo ndiyo heshima tuko nayo."

Jumamosi ikanyesha. Watu wakaingia na viatu vilivyolowa. Akaingia pia Mama Wakiuru, mkulima wa mpunga kutoka Mwea, mwenye miaka sabini na moja, amebeba mchele kwenye karai kuwapelekea wapishi. Alikuwa ameushika kwa mikono miwili. Mguu ulipoteleza, hakuwa na mkono wa kujishikia. Mchele ulitapakaa korido yote, na Mama Wakiuru akavunjika nyonga.

Jumatatu Musembi alirudi na mashine yake. Akamwaga maji mahali palepale. Mshale ukasoma kumi na saba. Arobaini na moja siku ya Alhamisi. Kumi na saba siku ya Jumatatu. Sakafu ni ileile.

Wenye zahanati walishajua cha kufanya. Barua ya kumfukuza Warigia ilikuwa imeandikwa, ilingoja tu ripoti ya Musembi iseme kosa ni polishi. Na ingesema kweli. Warigia alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na hakuwa na kazi nyingine. Musembi naye alikuwa na cheti chake mkononi, safi, chenye arobaini na moja. Angeweza kunawa mikono.

Phoebe anakumbuka kwamba mumewe hakula siku mbili. Kisha akaandika ripoti. Phoebe alinisomea mstari mmoja, naomba niusome kama ulivyo: "Nilipima sakafu tupu. Sikuuliza itasafishwa na nini, wala itasafishwa na nani. Kosa la kwanza ni langu."

Warigia hakufukuzwa. Musembi alinyang'anywa na waajiri wake mamlaka ya kutia sahihi, akapelekwa stoo yao kuhesabu matairi. Miaka miwili, wasikilizaji. Miaka miwili stoo. Mimi naona ni dhuluma, na nasema hivyo hewani.

Lakini lililomuuma si stoo. Wiki tatu mfululizo alimtembelea Mama Wakiuru wodini, na kila siku alimwomba msamaha. Siku moja mama huyo alichoka. Phoebe alikuwa amekaa hapo kando ya kitanda, na anasema mama hakupandisha sauti. "Hizo pole nimeshiba," alimwambia. "Wewe enda upime huko kwingine."

Mama Wakiuru alifariki Jumapili iliyofuata. Kidonda cha mgongoni kwa kulala muda mrefu, na homa ya mapafu.

Kuanzia hapo Musembi hakupumzika. Siku zake za likizo, Jumamosi zake, alizunguka na mashine. Nyeri, Kerugoya, Kangari, shule, makanisa, vituo vya chai. Hakumtafuta tena mwenye jengo kwanza. Alimtafuta anayeshika tambara, akamuuliza, "Mnapanguza na nini?" Ndipo alipofungua chupa. Hata alipoanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, miguu imevimba, bado alikwenda. Phoebe alimkataza, akagombana naye, akaficha mashine chini ya kitanda. Akaenda na chupa tu, akapima kwa kisigino.

Ijumaa iliyopita tulimuaga hapa Nyeri, kanisani, kabla ya safari ya Mwala. Nilikuwepo. Kulikuwa na manyunyu tangu alfajiri. Wanaume sita walikuwa wameshika jeneza, wamefika mlangoni, mara Warigia, aliyekuwa ametoka Kerugoya na gari la kwanza, akawaambia wasimame.

Sakafu ya kanisa ilikuwa inang'aa. Ungeweza kuona kila dirisha ndani yake.

Warigia akafungua mkoba, akatoa chupa ya soda ya plastiki. Akamwaga maji kwenye kizingiti. Akakanyaga kwa kisigino, na kisigino kikaondoka mbio kama kimepakwa mafuta. Akamgeukia Phoebe.

Phoebe akasema, "Baba wa watoto wangu haingii hapo."

Basi ibada ikafanyika nje kwenye nyasi, kwa miavuli, jeneza likiwa juu ya benchi mbili. Kina mama waliosugua sakafu hiyo Alhamisi walisimama nyuma wakilia. Wanane kati yao walifundishwa na Musembi mwenyewe, katika kanisa hilohilo. Walijua. Niliwauliza mbona. Mmoja akafuta macho na kusema, "Alikuwa mtu mkubwa kwetu. Tungempokea na sakafu chafu aje?"



Kwako Phoebe, kwa mabinti zako, na kwa jamaa wote wa Mwala: poleni sana. Kwa watu wa Mama Wakiuru kule Mwea, tunawapa pole tena, kwa sababu hatukuwapa ya kutosha wakati ule. Mungu awafariji.

Na wewe uliyeweka tambara chini nikianza kusema. Jumamosi hii kuna harusi, kuna matanga, kuna wageni, na mawingu nayaona kutoka dirisha la studio. Najua mkebe wa polishi uko wapi nyumbani kwako. Kabla hujaufungua, mwaga maji kidogo, ukanyage kwa kisigino. Ukiteleza wewe unayejua, shosho wa miaka sabini atafanyaje, na amebeba karai kwa mikono miwili?