Mbili na Nusu

Benchi letu ni boksi la spika lililolazwa ubavu nje ya karakana ya Fundi Redio, na ukikaa vibaya, tundu la spika linakumeza makalio. Hapo ndipo tunapokutana kila alasiri: Fundi Redio mwenyewe, anayetengeneza kila kitu isipokuwa redio; Mzee Mwangwi, fundi cherehani, aliyepewa jina hilo kwa kutaka mwangwi kwenye kila wimbo, hata kwenye tangazo la msiba; na mimi, Digrii. Jina hilo wamenipa kwa dhihaka, nami nalivaa kama koti la mtumba: silipendi, lakini baridi ipo. Zamani tulikuwa wanne. Tulirekodi chumbani kwa Mwangwi, mablanketi dirishani, godoro mlangoni, maiki imefungwa kwenye mpini wa fagio. Wa nne alikuwa Vidole, mpiga tumba. Mwaka jana tukamzika. Wiki hii binti yake akanipigia: Kaka, kile kipande cha baba mlichorekodi bado unacho? Nikamwambia aje leo saa kumi, nikisafishe kwanza. Kwa hiyo muuza kahawa alipofika alinikuta nimekumbatia laptop kama niliyeachiwa mtoto wa watu. Betri asilimia tisa, na umeme umekatika tangu asubuhi.

Mwangwi: Tuonjeshe kidogo, mwanangu. Sekunde kumi tu.

Mimi: Hapana, mzee. Betri yenyewe inapumulia mdomo. Tutakisikia akija binti mwenyewe.

Mwangwi: Basi niambie, mwangwi umeweka kiasi gani?

Mimi: Kidogo.

Mwangwi: Kidogo! Mcheza kwao hutunzwa, bwana. Ongeza.

Mimi: Methali hiyo na mwangwi wapi na wapi?

Mwangwi: Sauti imekwenda ukutani, imerudi ilikotoka. Si imecheza kwao hiyo?

Fundi Redio: Achana na mshona suruali huyu. Siri ya tumba ni tangi. Unatumbukiza spika ndani ya tangi tupu la maji, unafunika, unapiga wimbo, halafu unarekodi kinachotokea bombani.

Mimi: Nani kakufundisha hayo?

Fundi Redio: Maji hufuata mkondo.

Mimi: Si umesema tangi tupu?

Fundi Redio: Ndiyo maana sauti inapata nafasi ya kufuata.

Muuza kahawa akatikisa kichwa, akamimina duru ya pili. Huyu ndiye mtu pekee hapa kijiweni mwenye ajira inayoeleweka, na hajawahi kuandika CV maishani.

Mwangwi: Na tumba umeipeleka upande gani, kulia au kushoto?

Mimi: Katikati.

Fundi Redio: Kosa! Ile ngozi ni ya ng'ombe. Ng'ombe ana ubavu anaopenda kulalia. Ukishaujua ubavu wake, tumba unaiweka huko huko, inatulia yenyewe.

Mimi: Na huyo ng'ombe nikamuulizie wapi?

Fundi Redio: Unaniuliza mimi? Miaka minne chuoni, uhandisi wa umeme, ng'ombe mmoja anakushinda?

Mwangwi: Tena usichanganye sauti ukiwa na njaa. Njaa inaongeza trebo, ile sauti nyembamba ya juu.

Mimi: Basi tangu nihitimu nasikia trebo tupu.

Wakacheka hadi boksi likanguruma chini yetu. Nami nikacheka, kwa sababu barua za kukataliwa kazi, We regret to inform you, ninazo za kutosha kufunikia paa, na nikinuna hakuna anayenilipa kwa kununa.

Fundi Redio: Kelele je? Maana chumba cha mzee huyu kilikuwa soko.

Mimi: Nimefyeka zote. Kiti kinacholia, jirani anayetwanga, mtu kukohoa, mtu kuongea. Kila kisicho tumba nimekitoa. Sasa ni clean, utadhani studio ya watu wenye viyoyozi.

Fundi Redio: Hapo umetumia digrii.

Sitaficha, nilivimba kichwa. Tangu nivae lile joho la kukodi, hiyo ndiyo kazi ya kwanza mtu kuniomba kwa jina langu. Nilikaa nayo siku mbili, nikiisugua kama sufuria ya mgeni.

Mwangwi akaingiza mkono kwenye mfuko wake wa vitambaa, akatoa kopo la maziwa ya unga lililojaa vifungo vya mashati. Manyanga yake yale yale. Kutu imeanza kulila ukingoni.

Mwangwi: Nimekuja nalo. Tumba ikianza, nami naingia. Mara ya mwisho mimi na Vidole.

Fundi Redio: Utachelewa. Hujawahi kuingia kwa wakati tangu tukujue.

Mwangwi: Nilikuwa nachelewa, naye alinisubiri. Mnakumbuka? Kwanza kikohozi. Halafu anavuta kiti, kwiii. Halafu, "Haya jamani, moja, mbili..."

Fundi Redio: "...mbili na nusu!"

Mwangwi: Hiyo nusu ilikuwa yangu peke yangu! Siku ya kwanza nilimwambia, bwana, tatu inanikuta bado nashika kopo. Akasema basi nitakukatia kipande cha mbili. Mpaka kufa kwake hakuacha kunikatia.

Wakacheka tena. Mimi kahawa ikanipalia. Kikohozi, kiti, maneno: vyote nilivifyeka kwa mkono wangu. Na rekodi ya awali haipo. Nilifuta jana nilipomaliza kusafisha, laptop ilipojaa, nipate nafasi ya video za kufundisha namna ya kujibu maswali ya usaili. Tabasamu, mwangalie bosi machoni, sema udhaifu wako ni kufanya kazi kupita kiasi.

Kabla sijafungua mdomo, binti akatokea, sweta juu ya sare ya unesi, mtoto mgongoni amelala.

— Shikamooni baba zangu. Kaka, hujambo?

— Marahaba, mwanetu! wakaitikia wazee.

Mwangwi akampisha upande usio na tundu. Akakaa, akamgeuza mtoto mbele, akamwamsha taratibu kwa kumpuliza usoni.

— Amka, msikie babu yako.

Ningesema hapo. Badala yake nilibonyeza.

Tumba ikalipuka moja kwa moja, safi, kavu, hakuna hata pumzi. Mwangwi akashtuka, vifungo vikamwagika sauti mahali pasipo pake. Binti akanyanyua mkono.

— Simamisha kwanza, kaka. Umeanzia katikati?

— Hapana, dada. Ndio mwanzo.

— Na pale anapohesabu?

Fundi Redio akachungulia ndani ya kikombe chake. Muuza kahawa akainamisha birika, likatoa matone mawili na machicha.

— Kupiga tumba, hata mume wangu anapiga, akasema binti, bila ukali, na hiyo ndiyo iliyoniua. — Nilitaka mtoto amsikie akihesabu. Mlipatoa kwa nini?

Nina maneno mengi mimi. Nina geti na kompresa za kuchujia sauti, nina trebo, nina digrii ya daraja la upper second na lugha mbili za kuzungumzia upuuzi. Nilitafuta jibu kwenye zote mbili.

— Nilidhani ni kelele, nikasema mwishowe. — Na ile ya zamani haipo tena. Nilifuta.

Binti akamweka mtoto vizuri mapajani.

— Rudia basi, tusikie hiyo iliyobaki.

Betri ilikuwa asilimia mbili. Nikabonyeza. Mwangwi akainua kopo lake hadi usawa wa sikio, akainamisha kichwa, macho ameyafumba, kama alivyokuwa akifanya chumbani kwake nyuma ya lile godoro. Tumba ikaanza, ikashika kasi, ikazunguka. Yeye bado anasubiri ile nusu yake. Skrini ikawa nyeusi katikati ya pigo, mtoto akageuka kuangalia sauti ilikokwenda, na kopo la vifungo lilikuwa bado limeinuliwa hewani, kimya.