Vichwa Viwili, Bakuli Moja

Lilikuwepo benchi pale Chang'ombe, ubavuni mwa duka la mafuta ya taa, ambapo kila asubuhi upepo ulimwaga vumbi na Mzee Mbwana wa Kondoa akamwaga kahawa vikombeni. Mwaka ulikuwa wa tisini na tisa. Soko limekuwa huria, kompyuta zinauzwa kama mitumba, na Elisante, karani aliyetolewa masjala akapewa ufundi wa mitambo, aliketi huku kahawa ikimpoa mkononi. Wiki mbili nyuma aliishawishi ofisi iinunulie mashine yake kuu prosesa ya pili, yaani kichwa cha pili cha kufikiria. Kikafungwa, na mashine ikawa nzito kazini kuliko ilivyokuwa na kimoja. Kesho saa tatu asubuhi Mama Edina, mkuu wake, angekuja kuitazama. Isipokwenda, mashine ingetupwa stoo, naye Elisante angerudi masjala kupanga majalada hadi astaafu.

— Yaani umeiongezea kichwa, ikazidi ujinga? aliuliza Ulimboka, fundi magari, ambaye kijiwe kilimwita Spana.

— Si ujinga, kaka. Uzito. Programu za watu nimezipima moja moja, hazina kosa. Kosa limo kwenye kiini.

— Kiini cha yai?

— Kiini cha mfumo. Ndicho kinachogawa zamu: huyu apewe diski, yule apewe kumbukumbu. Ukikwama humo, umekwama kote.

— Basi hiyo ni petroli! Injini mbili, tangi moja. Ongeza kumbukumbu. Wahenga walisema, haba na haba hujaza tangi.

— Nimeongeza. Wapi!

Castory, tarishi wa Bunge, aliyejulikana hapo kama Mheshimiwa, alikohoa ili kikao kitulie.

— Ndugu zangu, mmesahau kuwa tumeingia vyama vingi. Kichwa kimoja kilikuwa kinaamua. Viwili vinajadili! Hapo kuna hoja, kuna taarifa, kuna mwongozo wa spika. Mafahali wawili wakipigana, nyasi hushangilia.

— Nyasi huumia, Mheshimiwa, alisahihisha Spana.

— Labda za kwenu Mbeya.

Spana hakukubali kulala chini.

— Mimi nasema ni saa. Mashine ilitoka Ulaya imetumika, si ndiyo? Basi inafuata saa za kwao. Sisi tukiamka, yenyewe inalala.

— Hailali, alisema Elisante, na hilo ndilo linaloninyima usingizi mimi. Kipimo kinaonyesha vichwa vyote viwili vinafanya kazi mia kwa mia. Havipumziki hata nukta. Lakini kazi haitoki.

— Jini, alihitimisha Mheshimiwa. Tena jini mchapakazi.

Mzee Mbwana alikuwa kazini. Kikombe chake hakinywewi mpaka kisuuzwe mbele ya macho ya mnywaji, na bakuli la kusuuzia lilikuwa moja tu, la bati, chini kando ya goti lake. Mwezi ule alikuwa amemleta bintiye Mwajabu, mwenye birika lake na makaa yake, ili foleni ipungue. Foleni haikupungua.

Hapo akafika mama mmoja mwenye dumu la asali, ndiyo kwanza ashuke basi la Kondoa. Wakamwamkia, akaitikia marahaba, akajitaja kuwa ni Mwantum. Akaomba kahawa, akasimama nyuma ya watu wanne, akatazama.

— Samahani wanangu. Huyu binti kazi yake nini?

— Si unaona birika, mama? alijibu Mheshimiwa. Anauza kahawa.

— Birika naliona. Akiinama kumimina sijamwona. Tangu nifike anazungusha kikombe kwenye kitambaa, anazungusha, anazungusha. Anafanya nini?

Benchi zima likamgeukia Mwajabu. Mwajabu mwenyewe alilitazama tu goti la baba yake, na Elisante akayafuata macho yale. Mzee alikuwa amekwisha suuza. Kiganja cha kushoto kimelikalia bakuli, cha kulia kikamimina, kikatoa kashata, kikarudisha chenji. Akamuuliza mteja hali ya mbuzi wake, ndipo kiganja kikainuka.

— Mzee wangu, ukishasuuza, bakuli unalikalia la nini? aliuliza Elisante.

— Lisije likachukuliwa.

— Na nani?

Mzee Mbwana akatazama huku na huku.

— Na huyu, alisema, akimwonyesha bintiye kwa kidevu.

Elisante akasimama. Kipimo chake kingemtazama Mwajabu, kingemwandikia mia kwa mia.

— Nimepima jasho, alisema polepole, sikupima foleni. Mle kwenye kiini kuna kufuli moja. Kichwa kimoja kikilishika, hakiliachii mpaka kimalize hata yasiyolihusu. Cha pili kinazunguka mlangoni, na kule kuzunguka kunahesabiwa kazi!

— Basi weka cha tatu, alisema Spana. Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Sitaongeza kitu. Naenda kutafuta nani analishika, na analishika kwa muda gani.

Akaondoka, nusu akitembea, nusu akikimbia.

— Kikombe changu! alipiga kelele Mzee Mbwana.

Elisante alikuwa amefika kona alipokiona mkononi mwake, kimejaa, kimepoa. Nyuma yake Mama Mwantum alikuwa akiuliza kahawa yake ataipata lini. Kisha Elisante akasikia bakuli la bati likikwaruza changarawe, kutoka upande wa mzee kwenda upande wa binti.