Udongo Alioniachia Baba Watoto

Wapendwa wa chama chetu, Mungu ni mwema, hata leo ninapowasimulia haya. Mnivumilie.

Mume wangu alifanya kibarua kwenye kiwanda kimoja cha dawa za shamba, si mbali na kwetu mtaani Mukuru. Jioni moja alirudi na mzigo begani: udongo mweupe, laini kama unga. Akaniambia, "Mama watoto, huu unashika maji sana. Mboga yako ya sukuma haitakauka tena." Akauchanganya na mbolea, akayajaza mwenyewe yale magunia yangu ya kupandia mboga pale mlangoni, huku akipiga mluzi. Mwezi haukuisha, nimonia ikamchukua.

Sukuma hiyo ndiyo tuliyoitegemea, mimi na watoto. Nikapanda miche, ikageuka manjano, ikafa. Nikapanda tena, ikafa. Ndugu zangu, nawaambia, majirani wa ploti tunamopanga hawakosi la kusema. Wakanong'ona kwamba mkono wa mjane huyu una mkosi. Nami nikaamini! Nikawa naogopa hata kumshika mwanangu kichwa.

Wengine walinishauri niumwage ule udongo. Ningeumwagaje? Ndicho kitu cha mwisho alichonifanyia. Nilikuwa naingiza mkono ndani ya ule udongo, nalia.

Ndipo dada mmoja wa chama hiki, aliyefanya kazi na marehemu, akaja kunijulia hali. Alipouona, alishika mdomo.

"Shemeji, huu ulitoka wapi?"

"Aliutoa kazini."

"Woi! Huu si wa kupanda. Huu umeshanyweshwa dawa ya kuua magugu. Unaishika, halafu unaiachilia polepole, msimu mzima. Hata umwagilie maji namna gani, bado iko ndani. Yeye alikuwa wa kubeba mizigo tu, angejuaje? Si mkono wako, shemeji."

Nililia vile sikulia hata makaburini.

Tulivaa mifuko mikononi, tukaufunga wote, tukaurudisha kiwandani. Dada yangu, naona unajificha huko nyuma. Asante. Na nyinyi akina mama mlioniletea udongo mwekundu na miche, Mungu awakumbuke. Sasa tunakula, ingawa sitawadanganya, bado kuna siku nalia.

Kama kuna mwenye uchungu hapa, anisikie. Ulichopewa kwa mapenzi kinaweza kukuumiza, na aliyekupa hakujua. Kukiacha si kumkana. Nilipofunga gunia la mwisho nilisema kwa sauti, majirani wakisikia, "Baba watoto, ulitaka tushibe tu. Nimekuelewa."