Kisanduku cha Fundi Cheche

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, na mwenye kauli ya mwisho pale ni mimi, maana nilimaliza darasa la saba nikiwa mrefu kuliko mwalimu. Asubuhi hiyo Cheche, fundi wa kuchomelea mageti, hakugusa kahawa yake. Tangu utotoni herufi humrukaruka machoni kama panzi. Sasa chuo kimekubali miaka yake kumi na mitano ya kazi ihesabiwe nusu ya masomo. Nusu iliyobaki ni mtihani wa kuandika. Na tajiri wake kasema kuanzia mwezi ujao asiye na cheti hashiki mashine. Fomu ilikuwa mkononi mwake, imelowa jasho, na mwisho wa kuipokea ni saa sita mchana.

— Karani kaniambia, kama kusoma kunanipa shida, nitie alama kwenye kisanduku hiki, alisema Cheche. Naogopa, jamani.

— Usitie, alisema Wakili, tunayemwita hivyo kwa kuwa kashtakiwa mara mbili. Ukitia tu, jina linakwenda kwa tajiri.

Kinyozi akasimamisha mkasi juu ya kichwa cha mteja.

— Kwa tajiri tu? Linakwenda serikalini. Wanakuja nyumbani kukupima kichwa kwa futi ya fundi nguo.

— Kichwa changu?

— Na cha binti yako. Mambo haya yako kwenye damu.

Nikaona wananipita hivihivi.

— Binamu yangu alitia, nikasema. Wakachukua kitambulisho, wakachukua leseni ya baiskeli, na mkewe akaambiwa ndoa ifungwe upya, kwa sababu bwana harusi alitia sahihi asichokielewa.

Hakucheka mtu.

— Na nisipotia? aliuliza Cheche.

— Utakaa kwenye mtihani saa tatu nzima na vijana wa miaka ishirini, alisema Wakili. Wakimaliza, wanageuka kukutazama.

— Nilishakaa hivyo. Darasa la nne. Nilijikojolea.

Hapo ndipo mkewe akatokea, ametoka kumtafuta chuoni.

— Karibu, shemeji, nikamwambia. Tunamshauri mumeo juu ya kisanduku cha kwenye fomu.

— Tangu saa ngapi?

— Tangu saa mbili.

— Kwani hicho kisanduku kimeandikwaje?

Wakili akaichukua karatasi, akampa Kinyozi. Kinyozi akanipa mimi. Nikaigeuza, nikakohoa, nikaigeuza tena. Nikamrudishia mwenyewe.

Cheche akaiweka gotini, akabana kidole chini ya herufi ya kwanza.

— Je... u-na... unahi... unahitaji... m-tu... wa...

Akakwama. Akarudi mwanzo. Saa ya kinyozi ilionyesha tano na nusu, na sisi watatu tulikuwa tukimsubiri, kwa sababu hapo benchini hakuna mwingine ambaye angeweza kufika hata kwenye hilo neno la nne.