Mjukuu Aliyeomba Ruhusa ya Kuua

"Hafi!"

"Bibi, mfalme ana miaka mia nne. Meno yamekwisha, ufalme umekwisha, hata farasi wake amemchoka."

"Amechoka? Basi alale. Lakini hafi."

"Bibi jamani, hadithi imekwama!"

"Ikwame. Imekwama kwetu, haijakwama kwa jirani."

Hivyo ndivyo marehemu, mwandishi wa hadithi za majoka na falme zisizo kwenye ramani, alivyokuwa akigombana na bibi yake jikoni kila alipotaka kumwua mtu kitabuni. Akimaliza sura alikuja kuisoma kwa sauti, maana bibi hajui alifu kwa kijiti, kisha akauliza: "Huyu afe, asife?" Bila ruhusa ya bibi, hakuna aliyekufa. Mfalme yule yuko usingizini mpaka leo.

Alizaliwa Alhamisi tarehe 12 Machi 1981, siku ya mvua kubwa mno, kambare wakaja mlangoni kutoa hongera. Anayebisha akamwulize mkunga, aliyemkanyaga mmoja akaanguka na beseni. Hakumjua baba yake. Tarehe 2 Juni 1987 mama yake alifariki katika uzazi, pamoja na kichanga. Wakubwa walinong'ona nje, wakaingia na habari iliyokwisha kuiva. Mtoto wa miaka sita akasimama katikati ya chumba, akauliza, "Nani alikubali?" Wakubwa wakarudi nje kunong'ona. Alilelewa na bibi, mzaa mama yake, na alipoanza kutunga hadithi hakumwua hata panya bila kuuliza kwanza.

Aliingia shule ya msingi Januari 1988. Darasa la nne waliagizwa kuandika insha kuhusu shule yao. Yeye akaandika kwamba shule ilimezwa na paka, na kwamba mwalimu mkuu anaishi kwenye utumbo mwembamba na ameshazoea. Akarudishwa nyumbani alete mzazi. Bibi akajifunga kibwebwe, akaenda.

"Mwalimu," alisema, "huo uongo ni wangu. Mtoto ameuazima tu."

"Basi mwambie aurudishe."

Haukurudishwa. Alimaliza sekondari Novemba 1998 na akafaulu vizuri, ila hapakuwa na wa kumsomesha zaidi.

Januari 1999 aliajiriwa kuwa dobi katika hospitali kubwa, na hakuondoka hapo maisha yake yote. Chumba cha kufulia kiko chini, kina madirisha mawili karibu na dari, na mvuke ni wa kutwa. Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili, na mwenzake wa upande wa pili alikuwa mama mmoja mwembamba aliyeitwa Kamba. Wakikutanisha ncha, marehemu alitoa sentensi moja. Wakiachana, Kamba aliirudia ili isipotee. Mkunjo kwa mkunjo ikazaliwa Nchi ya Mvuke, ambako madoa ya mashuka huamka na kudai majina yao.

"Hili nalo ni la nani?" Kamba aliuliza siku moja, akishika doa ambalo halikutoka.

"Subiri. Bado ana haya."

Fundi wa boila alikuwa akisikia yote kupitia ukutani. Siku moja akaja mlangoni, spana mkononi. "Dada, lile joka la sura ya tatu halina pa kulala. Lilete kwangu, kuna joto." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Agosti 2007, wakajaliwa binti na mwana.

Msidhani ilikuwa asali. Mwaka 2009 mvua ilipenya darini ikaulowesha mswada wa kwanza, wino ukawa uji. Akaanza upya, Kamba akimkumbusha. Mei 2011 rola ya kupigia pasi ilimshika mkono wa kulia, vidole vitatu vikaenda. Akajifunza kuandika kwa kushoto, herufi kubwa kubwa kama za chekechea, kwa machozi na kwa matusi yasiyofaa kusomwa makaburini. Majirani walimwuliza ataandika lini kitabu cha maana. Mchapishaji akamrudishia kazi yake. "Mama, vita vya miaka saba, halafu wote wanarudi nyumbani kula? Ua hata mmoja!"

Akampelekea bibi maneno hayo. Bibi akasema hafi mtu.

Kitabu kililala kabatini mpaka mwaka 2015, mchapishaji mwingine alipokichukua. Viwili vikafuata. Havikumtoa kwenye mvuke, lakini wodini vilichakaa majalada kwa kupokezanwa. Mgonjwa hupenda kitabu ambacho wote wanarudi nyumbani.

Februari 2024 alianza kuumwa tumbo. Madaktari wakakuta saratani ya ini, imekwisha kutambaa. Alilazwa katika hospitali ile ile, juu ya mashuka yale yale. Alipapasa pindo akasema, "Hili Kamba amelikunja na mvivu." Kitabu cha nne kilikuwa kimebakiza sura ya mwisho: Malkia wa Mvuke amefika kwenye lango, watu wake wote wamekwisha kuvuka, amebaki yeye. Mumewe alikaa kando ya kitanda na kalamu, tayari kuandika atakachotajiwa. Alichokosa marehemu ni ruhusa. Kila bibi alipoulizwa, alisema hafi, akafunua bakuli la uji.

Jumamosi tarehe 5 Oktoba, saa ya kutazama wagonjwa, marehemu alikuwa amebaki macho tu, na macho yenyewe manjano.

"Bibi."

"Usianze."

"Malkia amesimama muda mrefu. Miguu imevimba."

"Mpe kiti."

Akacheka, kicheko kikamwumiza. "Bibi, sitaki iwe kama kwa Mama. Nakuuliza wewe. Huyu afe, asife?"

Bibi akaushika ule mkono wa vidole viwili. Akafumbua kinywa. Mlango ukasukumwa, muuguzi akaingia na toroli la dawa.

"Wageni, muda umekwisha. Bibi, tafadhali, nje."

Alifariki Jumapili tarehe 6 Oktoba 2024, asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa tena kwa wageni.

Ameacha bibi, mume, binti, mwana, na Kamba, ambaye sasa ana shuka mkononi na hana wa kushika upande wa pili. Ameacha pia mfalme wa miaka mia nne. Msimwamshe.

Na watoto wake wakisimama katikati ya chumba wakauliza nani alikubali, msinong'one. Waambieni ni bibi; jibu alilokatizwa wodini amelituma lisomwe hapa. Malkia amechoka. Basi alale.