Maisha ya Mama Rudia, Mkalimani wa Meza ya Tatu

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Juni 1939, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Mama yake alikuwa akisema watoto wengine hutoka wakilia, huyu alitoka akidai maelezo.

Alianza shule mwaka 1947 akafika darasa la nane. Lugha ya kigeni alifundishwa na mwalimu wa kike aliyemwachia ufunguo wa kabati la vitabu. Mwaka 1976, baada ya vita, mstari ulichorwa katikati ya eneo letu. Shule ile ikabaki ng'ambo, na dada yake pia.

Alifunga ndoa tarehe 11 Septemba 1961 na dereva wa lori aliyemzidi miaka tisa, asiyejua kusoma. Dereva aliandikiwa barua ya uchumba na karani. Marehemu aliirudisha, makosa yote yamepigiwa mstari, na chini ameandika: "Nimekubali." Walijaliwa watoto wanne. Mmoja alitangulia.

Walinda amani walipokuja kusimamia kura ya maoni, ili watu wa hapa waamue wenyewe wawe chini ya nani, marehemu aliajiriwa kuwa mkalimani. Ilikuwa tarehe 3 Mei 1995, katika ghala la zamani la saruji, meza ya tatu. Aliyemumunya maneno, awe mkubwa au mdogo, aliambiwa, "Rudia." Jina likamganda. Siku moja kamanda alihutubia foleni dakika kumi. Marehemu akatafsiri: "Anasema subirini kidogo." Kamanda alipouliza mengine yako wapi, akamjibu kwamba mengine yalikuwa adabu tu.

Kila aliyetaka kuandikishwa alisimama mbele ya wazee wawili, mmoja wa kila upande. Walimwuliza ukoo wake, kisha majibu yakalinganishwa na daftari la zamani la kuhesabu watu. Tarehe 17 Februari 1998 ilifika zamu ya mumewe. Alipoulizwa baba yake ni nani, akamtaja baba mkubwa aliyemlea, kwa kuwa nyumbani kwao hakuna aliyewahi kutenganisha. Daftari lilisema mwingine. Marehemu alijua. Akatafsiri kama lilivyosemwa, na jina la mumewe likakatwa.

Mume alinuna siku nne. Ya tano akamwambia amemwuza mbele za watu. Marehemu alikuwa akikunja nguo.

"Mimi hubeba neno, baba watoto, silitengenezi. Nikikutengenezea la kwako, kesho nani ataamini la jirani?"

Mume alijua ni kweli. Hakumwambia.

Rufaa ilikuwepo, muda ndio haukuwepo. Walinda amani walitakiwa kuondoka tarehe 30 Aprili, na bila wao hakuna aliyevuka mstari. Shahidi pekee aliyebaki hai, mkunga mzee, alikuwa ng'ambo. Marehemu aliandika rufaa kwa mkono wake. Kisha akaandika ombi walinda amani waongezewe muda, akapita na wino foleni nzima, watu wa pande zote mbili wakaweka dole gumba. Wakaongezewa miezi sita. Ikaisha, wakaongezewa tena na tena. Wako waliocheka kwamba hao wageni watazeeka hapa. Marehemu alisema ni heri wazeeke wao kuliko tuzikane sisi.

Januari 1999 alianza kuugua figo. Alifanya kazi miguu imevimba, ameiweka juu ya kiti cha pili. Tarehe 9 Septemba gari la walinda amani lilimleta mkunga, mwenye miaka themanini na sita. Kwa kuwa mkalimani haruhusiwi kutafsiri kesi ya wa kwake, marehemu alimpisha mwenzake, akasimama nje dirishani.

Mkunga akasema: "Huyu nilimpokea nikiwa msichana, mimi na mama yangu. Baba yake mzazi alikuwa uani anazunguka kama kuku anayetaka kutaga. Alipokufa, kaka yake ndiye aliyemlea."

Jina likaandikwa. Marehemu akarudi kitini pake, hakumtazama mumewe, akasema, "Anayefuata."

Alilazwa hospitali tarehe 20 Oktoba. Tarehe 29 redio ilitangaza kwamba muda wa walinda amani umeongezwa mara ya mwisho, na kura ni tarehe 14 Machi. Alimshika mumewe mkono. "Siku hiyo usikae ndani ukinililia. Nenda mapema, jua halijawa kali."

Alifariki tarehe 2 Novemba 1999, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, na dada yake, aliyeruhusiwa kuvuka jana na ambaye leo amekaa pamoja nasi, mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na mitatu.

Mume ataamka mapema.

Apumzike kwa amani mama watoto, na sisi tuliobaki tuipate yetu tungali hai.