Kong Phida na Milimita 412 za Siku Aliyomzika Mama Yake

Marehemu Phidalia Khongwir, ambaye kijiji kizima kilimwita Kong Phida, alizaliwa hapa Mawlynther, kwenye milima yetu sisi Wakhasi, upande wa Sohra, tarehe 3 Septemba 1968. Alikuwa mtoto wa tano na wa mwisho wa Mei Sildamon Khongwir na Bah Hamlet Majaw. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na Banteilang, mtoto wa dada yake. Wazee walimwomba auandike kwa upole. Amejaribu.

Alisoma shule ya misheni Sohra, na mwaka 1987 akateremka tambarare kuingia chuo kikuu, kusomea sayansi ya hali ya hewa na tabianchi. Wenzake walimtania sana. "We Phida, kwenu mvua haikatiki, umekuja kusomea nini? Si ungefungua dirisha tu!" Naye akawajibu, "Kwetu tunalowa. Hapa nimekuja kujua kwa nini." Alikuwa wa pili darasani. Mwaka 1990, miezi miwili kabla ya mtihani wa mwisho, Mei, mama yake, alipooza upande mmoja. Mjomba, Bah Sorbin, alituma neno moja tu: rudi. Kaka zake watatu walikuwa mjini Shillong, wazima wa afya, na hakuna aliyeitwa, kwa sababu nyumba ni ya binti wa mwisho na wazazi ni wake. Alirudi na vitabu vyake kwenye kikapu cha mgongoni.

Alifundisha hesabu na sayansi katika shule yetu ya msingi kwa miaka ishirini na tatu. Tarehe 1 Januari 1991 alisimika kipimamvua nyuma ya nyumba, na tangu hapo kila siku saa mbili na nusu asubuhi alikisoma na kuandika. Akiwa na mimba alisoma. Akiwa na homa alisoma.

Tarehe 22 Oktoba 1994 alifunga ndoa kanisani na Bah Stolin Marngar, fundi seremala, aliyehamia nyumbani kwa mkewe kama ilivyo ada. Wanaume wenzake walimchokoza: "Stolin, mkeo kila asubuhi anakimbilia nyuma ya nyumba. Huko kuna nani?" Akasema, "Yuko mwenzangu wa bati. Tumeshazoeana." Walijaliwa mabinti wawili.

Mei Sildamon alifariki Jumamosi tarehe 12 Julai 2008, akazikwa Jumatatu tarehe 14. Kwetu binti wa mwisho hukaa kichwani pa mama yake mpaka jeneza litoke. Siku ile, saa mbili na nusu, Kong Phida aliinuka, akajifunika kwa mwavuli wa mianzi mgongoni, akatoka. Hakuchukua dakika nne. Milimita 412. Aliporudi, mjomba alimfokea mbele ya waombolezaji mia mbili: "Mama yako hajatoka ndani, wewe unakwenda kuhesabu maji?" Miaka tisa alisemwa kwa dakika hizo nne. Kanisani alisemwa, sokoni alisemwa, na waliomsema wengine wapo hapa leo na tambuu mdomoni.

Mwaka 2014, akiwa na miaka arobaini na sita, alirudi chuoni, kipimamvua akimwachia mumewe akisome. Walimwanzisha mwaka wa kwanza, pamoja na watoto waliomwita shangazi. Akakubali. Tasnifu yake aliiandika kwa vipimo vya kipimamvua chake vya miaka ishirini na sita, akionyesha kwamba siku za mvua hapa kijijini zinapungua huku mvua zenyewe zikishuka kwa ghadhabu, na kwamba ndiyo maana chemchemi zetu hukauka Februari. Mwanzoni aliweka maneno ya kumkumbuka mama yake, aliyezikwa 14 Julai 2008.

Mtahini mmoja, Mkhasi mwenzetu, ambaye jina lake halistahili kusomwa makaburini, aliyaona maneno yale, akafungua jedwali la siku hiyo. "Binti wa mwisho hawezi kutoka siku kama hiyo," alisema. "Namba hii umeibuni. Na kama umebuni moja, umebuni ngapi? Ifute, nikupitishe."

"Mvua ilinyesha, Profesa," alijibu. "Nifute nini?"

Chuo kikampa wiki tatu alete ushahidi, uwe na saini ya mkubwa wa ukoo. Jamani! Watu mia mbili walimwona! Lakini midomo iliyomsema miaka tisa ikaingia ganzi. Mmoja alikuwa jikoni, mwingine alikuwa analia, hakuona. Mjomba, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu, alisema, "Niandike kwa mkono wangu kwamba binti wa nyumba yetu alimwacha mama yake? Tambarare watusome hivyo? Sisaini ng'o!"

"Lakini mjomba, si ulinifokea mwenyewe?"

"Kusema ni kusema. Kuandika ni kuandika."

Wiki tatu zikapita. Mwaka 2017 alirudi nyumbani bila shahada, akiitwa mwongo na chuo kwa jambo ambalo kijiji kilimwita mkosefu kwa kulifanya. Basi achague lipi? Hilo ndilo linalotuuma.

Saratani ya tumbo iligundulika Shillong Machi 2021. Alipasuliwa mara mbili, akavumilia. Alifariki nyumbani Alhamisi tarehe 8 Juni 2023, saa tisa alasiri.

Jana mchana mjomba alileta karatasi. Ameandika yote: saa, mvua, maneno aliyomfokea, na saini chini. Akaomba iwekwe ndani ya jeneza. Dada wa marehemu, Kong Thrina, aliitoa pale kifuani. "Huko anakokwenda hakuna aliyemwita mwongo," alisema. "Hii inabaki hapa."

Marehemu ameacha mume, Bah Stolin. Mabinti, Ibanylla na Daphi. Dada mmoja, kaka watatu, wapwa kumi na mmoja, na mjomba, Bah Sorbin, mwenye miaka themanini na sita, aliyekaa pale mbele na kuruhusu haya yasomwe.

Kong Phida, wewe pumzika kwa amani. Sisi tunapumzika kesho Jumapili tu. Jumatatu asubuhi tuko mlangoni kwa yule profesa.